Kisima cha Wake Wawili

Haya, njooni uwani. Tandikeni mkeka, tukae. Jana mmoja wenu kaniuliza, "Ami, gavana ni nani?" Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo hajibiwi kwa neno moja, hutolewa mkeka.

Mnalijua shamba la karafuu ambalo mwenyewe anakaa Unguja? Hapa kamwacha msimamizi. Msimamizi hutafuta wachumaji, huhesabu pishi, hupeleka hesabu kwa mwenyewe. Basi mwenye shamba ni mfalme, na msimamizi ni gavana.

Mfalme wa Ureno alikuwa naye wa namna hiyo. Francisco de Almeida, mtu wa ukoo mkubwa. Mwaka 1505 alitumwa akamtawalie India. Njiani alipita Kilwa, akaiteka. Akapita Mombasa, akaichoma moto. Na shambani kwenyewe hajafika bado!

"Na hapa Pemba, Ami, alitawala nani?"

Hapa tulikuwa na wetu. Wakiitwa madiwani. Aliyevuma kuliko wote ni Muhammad bin Abdulrahman wa Pujini, kule upande wa Chake Chake. Ila ukienda Pujini ukauliza kwa jina hilo, watu watakutazama tu. Uliza Mkama Ndume.

Mbona mnacheka? Kukama mnakujua. Asubuhi hapa Wingwi nani hajaona ng'ombe akikamwa? Lakini tunakama majike. Huyu akikama madume! Na madume yenyewe si ng'ombe. Ni watu. Akiwakama nguvu zao mpaka tone la mwisho.

"Vipi, Ami?"

Alitaka ngome. Ngome inataka mawe. Wazee wanasema watu wake waliyabeba mawe vichwani, na hawakuruhusiwa kusimama. Walikwenda kwa kitako, wakijikokota chini.

Hamwamini? Haya, wewe mwenye swali, kaa chini. Weka nazi kichwani. Ishike. Sasa jikokote kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mshokishoki. Kitako mbele, miguu ivute. Ee! Hatua ya tatu nazi iko chini, na kanzu imejaa vumbi. Hiyo ni nazi. Lingekuwa jiwe?

Ngome ikaisha. Ndani yake mkachimbwa kisima. Na kisima hiki kina ukuta katikati. Upande mmoja una ngazi za kushukia mpaka majini. Upande wa pili hauna.

"Kwa nini ukuta ndani ya kisima?"

Tukiulize chenyewe. Ewe kisima, kwa nini?

"Bwana wangu alikuwa na wake wawili," kinasema kisima. "Hawakuwa wakipatana. Akaogopa wakikutana kwangu watagombana. Akaniwekea ukuta tumboni. Mmoja hunijia kwa ngazi na mtungi wake. Mwenzake huteremsha ndoo kwa kamba. Huyu hamwoni yule. Lakini mimi nawasikia wote wawili, na maji ninayowapa ni yale yale."

Mnaona? Aliyeshinda watu wazima kwa mawe, kwake nyumbani alishindwa na wanawake wawili! Hadithi hii naipenda sana, ila siiapii. Ukuta upo na ngazi zipo. Ugomvi tumesimuliwa.

"Basi alikuwa mbaya tu, Ami?"

Ngoja. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Pujini. Mle ngomeni kuna chumba chini ya ardhi, na ukutani mwake imetengenezwa sura ya siwa kwa chokaa. Siwa ni lile baragumu kubwa la wafalme wa pwani. Likipigwa, kila mtu ajue nani mkubwa. Mtu anayeficha alama ya utawala wake chini ya ardhi si mjenzi wa kuta tu. Alikuwa na heshima zake, na mambo yake ya siri. Mimi kwa hilo namstahi. Kwa mawe yale, simsamehe.

Wareno nao wakafika Pemba. Inasimuliwa kwamba walipoivamia Pujini, Mkama Ndume akakimbia. Ngome ikabaki na kisima chake. Na huo mchezo wetu wa ng'ombe, unaowafanya mkimbilie juu ya miti mkipiga kelele, wengi wanasema tuliachiwa na Wareno hao hao.

"Pujini mbali, Ami. Hapa karibu hapana kitu?"

Kipo! Hapo Chwaka, upande wa Tumbe. Pana magofu ya mji, pana msikiti wa zamani, pana kaburi lenye nguzo ndefu. Watu wanapaita kwa Haruni, na Haruni husemwa ni mwana wa Mkama Ndume. Mwambieni mkubwa wenu mmoja awapeleke siku ya mapumziko ya skuli. Tembeeni taratibu, ulizeni mnavyotaka. Mawe tu, msiokote hata moja. Yaacheni palepale.