Trekta kuukuu la kuvuta tela: Litengenezwe au libadilishwe?

MVUA za masika zinapokatika katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, kazi ya trekta hubadilika. Lililokuwa likivuta jembe sasa hufungiwa tela, likaanza kusomba magunia ya mahindi, maharage na ngano kutoka mashambani hadi kwenye maghala na minadani.

Ni katika majuma hayo machache ambapo wamiliki wa matrekta katika kata ya Endagikot, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, na katika vijiji vya jirani wilayani Hanang, hukabiliwa na swali lisilokwepeka: je, trekta la dizeli lililotumika miaka 20 au 30 liendelee kutengenezwa, au wakati umefika wa kuliuza na kununua jingine?

Swali hilo si la mkulima pekee. Wakazi wengi wa mijini wana hisa katika trekta la familia kijijini. Wao ndio hutuma fedha za spea kila simu inapopigwa kwamba chombo kimelala gereji.

Wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama umri. Umri peke yake hausemi mengi. Yanayopaswa kupimwa ni mambo matatu: uwezo wa chombo kujizuia kikiwa na mzigo, siku kinazopoteza katika msimu wa kazi, na uhakika wa kupatikana kwa spea katika miaka ijayo.

Kilichochakaa ni nini?

Injini ya dizeli ya aina ya zamani iliundwa ili ifunguliwe na kufungwa tena. Injini za Perkins zilizofungwa katika matrekta mengi ya Massey Ferguson hutumia pampu ya dizeli isiyo na vifaa vya kompyuta. Fundi mwenye ujuzi anaweza kubadilisha pistoni, ringi, laina za silinda na beringi, akaichonga krenki, na injini ikarudia nguvu zake kwa gharama iliyo ndogo kuliko bei ya trekta jipya.

Kwa sababu hiyo, moshi peke yake si hukumu ya kifo. Moshi wa bluu huashiria oili inayoungua ndani ya silinda, yaani ringi, laina au mipira ya valvu imekwisha. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imeshapata moto unaweza kumaanisha nozeli mbovu, mgandamizo hafifu au maji yanayopenya kupitia gasketi. Moshi mweusi huonyesha kwamba dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa iliyopo.

Kuhusu moshi mweusi, mmiliki wa Mbulu ana jambo la ziada la kuzingatia. Sehemu kubwa ya nyanda hizo iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Trekta lenye nguvu farasi 75 kwenye karatasi za kiwandani linaweza kubaki na chini ya 65 likiwa katika mwinuko wa mita 1,700.

Hivyo, trekta linalotoa moshi mweusi na kuchoka mlimani huenda halijachakaa. Huenda limebebeshwa mzigo uliokadiriwa kwa ajili ya tambarare, au chujio lake la hewa limeziba kwa vumbi la kiangazi.

Mafuta nayo yana historia yake. Kwa miaka kadhaa dizeli nchini ilichanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo, hali iliyoifanya EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli ifanyavyo, hivyo huila pampu na nozeli. Trekta lililokuwa kazini miaka hiyo lisihukumiwe kabla pampu yake haijapimwa kwenye mashine na fundi wa pampu.

Lakini ziko sehemu ambazo uchakavu wake una uzito zaidi ya injini. Nyufa katika kiungo kinachoshikanisha injini na gia boksi, tundu la pini ya kuvutia tela lililotanuka, ekseli iliyochomelewa mara kwa mara na usukani wenye mchezo mkubwa ni dalili kwamba mwili wa chombo umechoka. Injini mpya katika mwili wa namna hiyo huongeza nguvu mahali ambapo hakuna tena cha kuizuia.

Kuvuta ni rahisi, kusimama ni kazi

Kosa linalogharimu maisha ni kulipima trekta kwa uwezo wake wa kupanda mlima. Mtihani halisi uko kwenye mteremko.

Matrekta mengi ya zamani yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, na matela mengi ya mashambani hayana breki kabisa. Trekta lenye uzito wa tani mbili na nusu linapofungiwa tela lenye magunia 60 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, mzigo peke yake ni tani sita. Kwenye mteremko, uzito huo hulisukuma trekta kwa nyuma. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, tela huendelea kusonga, hulikunja trekta pembeni na kulipindua.

Mazingira ya Mbulu hayana huruma kwa kosa hilo. Barabara ya Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupita mlima Magara, ambako ukingo wa Bonde la Ufa hushuka kwa kasi, na njia nyingi za vijijini ni za udongo unaoteleza baada ya mvua.

Kanuni ya madereva wazoefu ni kushuka kwa gia ileile ambayo ingetumika kupanda, kuichagua kabla ya kuanza kuteremka, na kutokanyaga klachi katikati ya mteremko. Klachi ikikanyagwa, injini huachana na magurudumu, na breki hubaki peke yake na mzigo wote.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili bei, mmiliki anapaswa kuuliza: je, breki za trekta hili zinaweza kutengenezwa zikashika sawasawa pande zote mbili? Je, tela linaweza kufungwa breki zake lenyewe? Kama jibu ni hapana, uamuzi umekwisha kufikiwa, na mahesabu mengine yote hayana maana. Trekta la namna hiyo libaki shambani kwenye tambarare, au liuzwe.

Aidha, tela la mazao halikuundwa kubeba watu. Desturi ya kupakia wanaokwenda mnadani juu ya magunia huugeuza ubovu wa breki kuwa msiba wa kijiji kizima.

Hesabu ya siku na shilingi

Breki zikiwa zinatengenezeka, ndipo hesabu ianze. Wamiliki wengi huhesabu gharama za spea na fundi, wakasahau siku ambazo trekta lilisimama. Siku iliyopotea mwezi wa mavuno si sawa na siku iliyopotea wakati hakuna kazi.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Tuseme trekta kuukuu hula shilingi milioni 6 za matengenezo kwa mwaka kwa wastani, ikiwa ni pamoja na akiba ya kufungua injini. Tuseme pia kwamba siku moja ya kazi ya kusomba mazao humwachia mmiliki shilingi 150,000 baada ya kulipa dizeli na dereva. Likisimama siku 12 za kazi, hasara ni milioni 1.8, na gharama yote ya mwaka ni milioni 7.8.

Upande wa pili, tuseme trekta jipya linauzwa milioni 60, litatumika miaka 10 na kuuzwa milioni 20. Thamani inayopotea ni milioni 4 kwa mwaka. Likinunuliwa kwa mkopo wa miaka minne, na wastani wa deni ukawa milioni 30 kwa riba ya asilimia 15, riba itakuwa milioni 4.5 kwa mwaka. Huduma na bima zikiwa milioni 2.5, jumla ni milioni 11 kwa mwaka katika miaka minne ya mwanzo, na milioni 6.5 baada ya deni kwisha.

Ukigawanya kwa miaka yote 10, trekta jipya hugharimu wastani wa milioni 8.3 kwa mwaka. Tofauti yake na lile kuukuu ni shilingi 500,000 tu. Kwa mfano huo, trekta la zamani likianza kupoteza siku 16 au zaidi za kazi kila mwaka, jipya ndilo nafuu.

Ila gharama na fedha taslimu ni mambo mawili tofauti. Katika miaka minne ya mwanzo mmiliki atatakiwa kutoa milioni 15 za mkopo, milioni 4.5 za riba na milioni 2.5 za huduma na bima, yaani milioni 22 kila mwaka. Fedha za kuuza trekta la zamani zinaweza kupunguza mzigo huo, lakini haziuondoi. Mvua zikikosekana mwaka mmoja tu, benki haitangoja masika mengine.

Kila mmiliki ana takwimu zake, na jibu hubadilika pamoja nazo. Inachohitaji hesabu hiyo ni daftari: tarehe ya kila uharibifu, fedha zilizotumika, na siku zilizopotea. Bila daftari, uamuzi hufanywa kwa hasira ya siku trekta lilipozimika njiani.

Spea: funzo la Hanang na Kibaha

Wanaodhani kwamba upya ni dawa ya kila tatizo wana la kujifunza katika historia ya karibu. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO katika eneo la Basotu, Hanang, yaliendeshwa kwa mitambo mikubwa na utaalamu wa Canada. Msaada huo ulipofikia mwisho katika miaka ya 1990, mitambo iliyotegemea spea na fedha za nje iligeuka mzigo mzito, na baadaye mashamba hayo yakaingizwa katika ubinafsishaji.

Kiwanda cha TRAMA cha Kibaha nacho kiliunganisha matrekta ya Valmet ya Finland katika miaka ya 1980. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliletwa kupitia SUMA JKT kwa mkopo kutoka India. Yakafuata ya Ursus kutoka Poland, yaliyounganishwa Kibaha kwa mkataba na Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC). Mwaka 2021, kampuni hiyo ya Poland ilitangazwa kufilisika.

Kinyume chake, miundo ya Massey Ferguson ya miongo iliyopita imeendelea kutengenezwa Pakistan na India, hivyo spea zake ni rahisi kupatikana. Hata hivyo, spea bandia nazo ni nyingi, na ringi ya bei poa huweza kuilaza injini kwa mara ya pili ndani ya msimu uleule.

Funzo ni kwamba mnunuzi anapolitazama trekta jipya anunue na miaka yake kumi ijayo. Nani ataleta pampu ya maji mwaka wa saba? Je, fundi wa Mbulu au Babati anaweza kulifungua, au litasubiri mtaalamu na kompyuta kutoka Arusha?

Njia nyingine

Baina ya kutengeneza na kununua ipo njia ya kati. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo (AGITF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1994, umewahi kukopesha kwa ajili ya matrekta mapya na pia ukarabati wa yale ya zamani. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB), iliyoanza kazi mwaka 2015, ni mlango mwingine wa kubisha.

Wenye kazi chache wanaweza kukodi trekta siku za mavuno tu, au kuungana watu watatu au wanne wakanunua moja. Kwa umbali mfupi na mzigo mdogo, maksai na punda bado wanafanya kazi ambayo dizeli huifanya kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa atakayeamua kubaki na trekta lake, wakati wa kulitengeneza ni kabla ya mavuno, si katikati yake. Breki zitangulie, zifuate tairi, usukani na pini ya tela, kisha rejeta, chujio na oili, na nguvu za injini zije mwisho.

Kwa atakayeamua kuuza, ni vema auze trekta likiwa bado linatembea. Lililokufa njiani huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na mwenye nalo huingia dukani akiwa na haraka. Anayenunua kwa haraka wakati magunia yananyeshewa shambani hapati nafasi ya kuuliza habari za spea wala breki.