Sahani, Jenereta na Mdogo Wangu

Hapa Kamina, mtu mwenye ulemavu wa akili akianza kupiga kelele, wengi husema amerogwa. Mimi ninamlea mdogo wangu mwenye ulemavu huo, na nasema: kwanza mtazame meno na masikio. Asiyeweza kueleza maumivu kwa maneno anaweza kujigonga kichwa au kujiuma mkono.

Asipoumwa, chunguza: nini kilitangulia, alifanya nini, na alipata nini baadaye? Mdogo wangu alikuwa akirusha sahani jioni. Kumbe ilikuwa kila jenereta ya jirani ilipowashwa. Na kila aliporusha, Mama alimtoa nje, mbali na mngurumo. Sahani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba kutoka. Tukamfundisha kugusa sikio. Akiligusa tu, tunatoka naye papo hapo, hata kama bukari (ugali) bado ni ya moto. Kumfunga kamba, kama wengine walivyotushauri, kungemwongezea woga.

Sheria ya Mei 3, 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini Kongo. Lakini kituo cha Joseph Guislain, kinachotibu magonjwa ya akili, kiko Lubumbashi, safari ndefu kwa reli. Wauguzi na walimu wa mkoa wetu wa Haut-Lomami wafundishwe hapahapa kazi hii ya kuchunguza sababu, pamoja na sisi tunaoishi na ndugu hawa.