Mgonjwa wa Akili Nyumbani: Dawa na Maneno Yetu

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni, nyuma ya kanisa. Mwanawe wa miaka 22 alikuwa ameacha kazi, haogi, usiku anaongea peke yake, na anasema majirani wanamtilia sumu katika chakula. Nilimwambia amlete kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Akapimwa, akapewa vidonge, akarudi nyumbani.

Siku ya tatu shingo ya kijana ilipinda upande, macho yakageukia juu. Ndugu wakasema, "Mnaona? Pepo anaikataa dawa." Vidonge vikatupwa chooni. Miezi minne baadaye kijana aliletwa tena kwetu, safari hii amefungwa kamba.

Akina mama wenzangu, kosa lile lilikuwa letu sisi wauguzi. Shingo kupinda vile ni madhara ya dawa yanayojulikana, na hutulia upesi mgonjwa akichomwa sindano ya dawa nyingine. Lakini hatukumwambia. Mimi mwenyewe nilimkabidhi bahasha na kusema, "Kutwa mara mbili, mama." Basi. Ndiyo maana naandika haya.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari huuita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa takriban mtu 1 katika kila 300 anao. Mara nyingi huanza ujanani, na kwa wasichana huchelewa kidogo. Mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine, huamini mambo yasiyo ya kweli, hujitenga na kupoteza hamu ya kila kitu. Baadhi ya koo huwa na wagonjwa zaidi ya nyingine, na bangi huongeza hatari. Lakini mama, sikia neno hili: hauletwi na malezi yako mabaya.

Dawa hufanya nini?

Zamani hospitali hazikuwa na dawa ya kuzituliza sauti hizo. Wagonjwa wengi walifungiwa miaka mingi. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kuwatibu wagonjwa wao kwa klopromazini. Baadaye zikaja haloperidoli, risperidoni, olanzapini na nyingine. Dawa hizi hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali mojawapo ya ubongo. Ziko pia sindano zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa, zinazomfaa anayesahau au kuchoka na vidonge. Kwa asiyepata nafuu baada ya kujaribiwa dawa mbili ipasavyo, ipo klozapini, lakini lazima damu yake ipimwe mara kwa mara.

Usitegemee muujiza wa siku mbili. Utulivu na usingizi huweza kuja mapema, lakini sauti na hofu huchukua wiki kadhaa kupungua. Madhara nayo yapo: kutetemeka, mwili kuwa mzito, mate kutoka, kunenepa, usingizi mwingi. Mengi hurekebishwa kwa kubadili kipimo au dawa. Shingo ikipinda au ulimi ukikakamaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa, usingoje hata saa moja.

Hatari kubwa huja akishapona. Anaonekana mzima, nauli ya kliniki ni tatizo, mtu anasema, "Ya nini tena?" Hata aliyeugua mara ya kwanza huhitaji kuendelea na dawa walau mwaka mmoja baada ya kupata nafuu, na kuacha ni kwa ushauri wa daktari, kidogo kidogo.

Nyumba nayo ni tiba

Dawa ni nusu ya kazi. Huko London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, na mwaka 1972 walieleza waliyoyaona: waliorudi katika nyumba zenye lawama, ukali au kubebwa kupita kiasi waliugua tena zaidi kuliko wengine. Hapo ndipo familia zilipoanza kufundishwa pamoja na mgonjwa. Hata kwetu, mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, umejaribiwa Dar es Salaam na Mbeya, wagonjwa na ndugu zao wakijifunza pamoja.

Kwa hiyo, nyumbani tufanye nini? Sema naye kwa upole na kwa maneno machache. Akisema anasikia sauti, usibishane naye wala usijifanye unaisikia, mwambie, "Mimi siisikii, lakini naona inakutisha. Niko hapa nawe." Usimwite mvivu, maana kukosa hamu ni sehemu ya ugonjwa. Mpe kazi ndogo anayoiweza, na umsifu akiimaliza. Jifunze dalili zake za mwanzo: halali, anashuku watu, haogi. Ukiziona, nenda kliniki kabla hajazidiwa. Penye mtaalamu, mgonjwa husaidika pia kwa mazungumzo ya tiba, anapofundishwa namna ya kuzikabili sauti na hofu zake. Akisema atajiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali mara moja.

Na maombi? Tuombe, tena bila kuchoka. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani anamtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Luka naye alikuwa tabibu.

Yule kijana sasa huchomwa sindano kila mwezi, na anafuga kuku. Siku nyingine sauti humrudia, naye humwambia mama yake, kisha huenda kuwalisha kuku wake. Mama alinifuata tena juzi, pale pale nyuma ya kanisa. "Sista," akaniambia, "sikuwa nimeambiwa."

Sasa wewe umeambiwa. Mwambie na jirani yako.