Chumba cha Boti Kinahitaji Pumzi

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba habari za vyombo ni zetu peke yetu. Tumekua tukisikia nyundo za mafundi wakitia kalafati, tumenusa sifa ikipakwa ubaoni na deheni ikiandaliwa kwa ajili ya chini ya jahazi, na watoto wetu huijua omo na tezi kabla ya kujua kuandika. Kwa hivyo kaka yetu anayeishi Nakuru alipotuarifu kwamba amenunua boti ya faiba yenye chumba na kuiweka katika Ziwa Naivasha, tulicheka. Mtu ameihama bahari miaka kumi na miwili, leo anatafuta chombo akiwa milimani! Hata hivyo likizo ya Agosti ilipoingia tulipanda treni Mombasa hadi Nairobi, tukateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, tukawasili tukiwa watu saba wa vizazi vitatu. Yaliyotupata huko ndiyo tunayowaletea juma hili, kwa kuwa hayawahusu wenye boti tu.

Boti yenyewe ilikuwa na urefu wa futi ishirini na mbili. Ilikuwa imeishi maisha yake katika maji ya chumvi ya Mtwapa kabla ya kupandishwa bara juu ya lori. Upande wa omo palikuwa na chumba kidogo: vitanda viwili vilivyokutana kwenye pembe, meza ya kukunja, na madirisha mawili yaliyofifia kwa jua. Gharama alizotajiwa kaka za kuitengeneza zilikaribia bei aliyoinunulia. Ndipo yeye na mkewe wakaazimia kuifanya kazi kwa mikono yao, siku za mapumziko, kidogo kidogo. Sisi tulifika wakati kazi imefika nusu, tukakunja mikono ya kanzu na mabuibui tukaingia.

Tulikuwa na hamu ya kupaka rangi na kushona mito. Wifi yetu akatuzuia. “Mawifi zangu, msianze na pambo,” akasema. “Anzeni na maji. Chombo huulizwa kwanza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.”

Basi tulianza na ngama. Tuliinua mbao za sakafuni, tukakausha, tukatandaza karatasi kavu chini, kisha tukasubiri kuona unyevu utaanzia wapi. Ulianzia kwenye mpira uliobanwa kwa kibano kilicholika kwa kutu. Kibano kipya ni kitu cha shilingi chache, lakini kile cha zamani kingeachia siku ya upepo, boti ingelijaa. Pampu ya kutoa maji tuliijaribu kwa kumwaga ndoo mbili ndani na kuitazama ikifanya kazi, maana pampu isiyojaribiwa ni pambo tu. Na bado wifi alining’iniza upo karibu na usukani, kwani umeme hukatika na mkono haukatiki.

Baadaye tulijifunza kwamba maji matamu yana maadui wake. Kule kwetu tunaogopa chumvi na wadudu watobozao mbao. Naivasha ni ziwa la maji matamu, na maji ya mvua yanapotuama juu ya boti ndiyo yanayoozesha ubao uliofichwa ndani ya faiba. Kaka alitufundisha kugonga sakafu ya boti kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kwa sauti kavu ni pazima. Panapolia kama kugonga boga, ubao umeoza. Tulipata sehemu moja ya ukubwa wa sahani. Ilikatwa, ikakaushwa kwa siku nyingi, ikatiwa ubao mpya na kufunikwa kwa tabaka za faiba na gundi yake. Kazi hiyo ilifanyika nje penye upepo, kwa glavu na barakoa, kwa sababu harufu yake hudhuru na vumbi lake huwasha. Baridi ya bonde iliichelewesha gundi kukauka, nasi tukajifunza subira.

Jambo la pili lilikuwa vile vipande vya madini vinavyofungwa karibu na mashine ili kutu ivile kwanza na kuiacha mashine salama. Boti ilikuja na vya zinki, ambavyo ni vizuri baharini. Katika maji matamu zinki hulala usingizi, haifanyi kazi yake ipasavyo. Huko hufaa magnesiamu, na alumini huweza kutumika katika maji ya aina zote mbili. Kaka alikuwa amekaa miezi kadhaa akidhani mashine yake inalindwa, kumbe haina mlinzi.

La tatu lilikuwa nguvu za mashine. Ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mashine ya petroli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Ukipiga hesabu, boti iliyokuwa na nguvu Mtwapa imepoteza karibu sehemu moja kwa tano ifikapo Naivasha. Kaka alikuwa akiilaumu mashine, akabadilisha plagi na kusafisha kabureta, hadi alipoelewa kwamba lililohitajika ni rafadha yenye mkunjo mdogo. Magugu maji nayo huziba tundu la kunyonyea maji ya kupoza mashine. Kwa hiyo kila ukiwasha, tazama mchirizi wa maji ubavuni mwa mashine. Ukikosekana, zima mara moja.

Siku ya nne tulifika kwenye kazi tuliyoitamani: chumba. Tulisugua madirisha, tukashona mapazia na mito, tukafunga taa ndogo zinazotumia umeme wa betri. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Tulivisafisha kwa maji ya magadi soda na mswaki wa zamani, tukavipaka mafuta ya mgando. Kisha tukayaona matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na mlango na jingine juu darini. Upepo wa ziwa huzidi alasiri, na kupitia matundu hayo uliingia baridi kama ya barafu. Tuliyaziba yote mawili kwa silikoni, tukaweka na utepe wa mpira kuzunguka mlango. Tukasimama kuitazama kazi yetu, tukajipongeza.

Jioni ile hatukutoka ziwani. Viboko hutoka majini magharibi kwenda kulisha, na mwenye busara hazururi ufukweni saa hizo. Boti ilikuwa imefungwa gatini, watoto watatu wakaomba wakae chumbani na bibi yao wasikilize hadithi hadi chakula kiwe tayari. Bibi, ambaye hajazoea baridi ya bara, akaomba jiko la makaa. Tulingoja makaa yakaiva vizuri, moshi ukaisha kabisa, ndipo tukalipeleka ndani na kuufunga mlango. Hakuna aliyelifikiria mara mbili. Sote tuliamini kwamba makaa yasiyotoa moshi hayana dhara.

Haikupita nusu saa, mtoto wa miaka saba akalalamika kuumwa na kichwa. Dada yake akasema anahisi kichefuchefu. Bibi akajibu kwa sauti nzito kwamba ni uchovu wa safari, walale. Ni wifi yetu, aliyekuwa akipita na sinia, aliyesikia ile sauti ya bibi akaiona si yake. Aliiweka sinia chini, akaufungua mlango kwa nguvu, akaita, “Mama, toka! Watoeni watoto!” Bibi alipojaribu kusimama miguu ilimkataa. Tulimbeba. Wote wanne waliangaliwa hospitalini usiku ule, na Alhamdulillahi, wote wanne walirudi.

Daktari alitueleza kwa upole mambo ambayo tungepaswa kuyajua. Makaa yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi ilhali kifua kinapumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, ndiyo maana wengi hudhani ni uchovu wakalala. Pindi watu wawili au zaidi walio chumba kimoja wanapoanza kuumwa na kichwa pamoja, usiulize. Watoe nje kwanza, kisha watafutie matibabu.

Asubuhi yake tulirudi botini na kisu, tukakata silikoni yetu wenyewe. Kazi ile tuliyojisifia ndiyo iliyotaka kutuulia watoto. Kaka hakumlaumu mtu. Alisema tu, “Aliyekitengeneza chumba hiki alijua kwa nini alitoboa.” Tundu la chini limewekwa kwa sababu mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa, huzama na kujikusanya ngamani, cheche moja ikatosha. La juu huitoa hewa iliyochoka. Safari hii tuliyafunika kwa wavu wa kuzuia mbu, na lile la juu tukalitengenezea kofia ya kukinga mvua na upepo, lakini tukayaacha wazi. Tulikubaliana pia kwamba hakuna moto wowote utakaoingia chumbani. Chai itapikwa nchi kavu na kuletwa kwa chupa, na baridi itakabiliwa kwa mablanketi. Kaka aliongeza kifaa kidogo cha king’ora kinachoihisi hewa hiyo.

Tumeeleza kisa hiki bila kujificha, kwa kuwa tunajua ni nyumba ngapi za jamaa zetu walio Nakuru, Naivasha na Nairobi ambazo huingiza jiko chumbani usiku wa Julai na Agosti, na kuziba dirisha kwa nguo. Chumba cha boti na chumba cha kulala ni kitu kimoja katika jambo hili. Na ninyi mnaokodi boti Lamu, Watamu au Mtwapa kwa matembezi ya familia, msione haya kumuuliza nahodha: jaketi za kuokolea maisha ziko wapi, na je, zipo za kimo cha watoto? Pampu inafanya kazi? Chumba kinapitisha hewa? Na boti inapokwenda polepole huku mapazia ya nyuma yameshushwa, moshi wa mashine unaelekea wapi?

Bibi amesharudi Mombasa. Anapoulizwa kuhusu ziwa husema lina ndege wengi na baridi nyingi. Kisha huinuka, huzunguka nyumba, na kabla ya kulala hufungua dirisha moja.