Kilwa Kisiwani, Kabla ya Mahubiri

Makundi ya parokia yanayoteremka Kusini kwa safari ya kitume yana desturi ya kuiacha siku ya matembezi hadi mwisho, kazi ikishakwisha na mizigo ikiwa imefungwa. Mimi ni fundi mwashi. Nimekuwa nikifuatana na wanaparokia wenzangu wa Dar es Salaam kwenda kujenga na kukarabati vigangoni, na baada ya kufika Kilwa nasema bila kusita: siku hiyo iwekwe mwanzoni. Kwetu iliangukia mwanzoni kwa sababu tulikuwa tukisubiri mabati ya nyumba ya katekista.

Aliyetushauri alikuwa fundi mwenzangu wa Kilwa Masoko, Mwislamu, niliyekuwa nikipanga naye matofali tangu tulipofika. "Fundi, umekuja mpaka hapa, utaondoka hujaiona kazi ya wakubwa zako?" aliniuliza. Padre akasikia, akakubali hapo hapo.

Kilwa Masoko iko kilometa kama 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ukisimama ufukweni, Kilwa Kisiwani unaiona kwa macho, ng'ambo ya mkondo wa kilometa kama 2. Mnapita kwanza ofisini kulipia kibali na kupata mtu wa kuwatembeza, kisha mnapanda mashua. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walijifunga kanga na mitandio, nao walifanya vyema, maana kisiwani watu wanaishi. Wavuvi wanashona nyavu, watoto wanakwenda shule, na magofu yamo katikati ya maisha yao. Mzee aliyetuongoza tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatupeleka moja kwa moja kwenye Msikiti Mkuu.

Hapo niliwapotea wenzangu. Wao walisikiliza historia, mimi nilipapasa kuta. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 au 12, na paa lake bapa lilibebwa na nguzo 9. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaporomoka, ikajengwa upya katika karne iliyofuata. Nguzo unazoziona leo, zenye pembe nane, zimejengwa kwa mawe na chokaa, na juu yake zimekaa kuba na matao. Fundi yeyote anajua ugumu wa tao: mpaka jiwe la mwisho likae mahali pake, uzito wote unalala kwenye mbao za kushikilia, na ukizitoa mapema umeua watu. Waliojenga hapa walikwisha kuona paa likianguka. Wakarudi, wakabadilisha nguzo, wakainua tena. Ujasiri wa namna hiyo naujua, na ninauheshimu.

Hakuna saruji hata kidogo. Mawe ni ya matumbawe, yale yanayochimbwa nchi kavu. Kwa kazi za kuchonga, kama mihrabu na fremu za milango, walitoa matumbawe hai baharini, ambayo yakiwa mabichi ni laini na huchongeka vizuri, kisha hukauka na kuwa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, yakazimwa kwa maji na kuachwa yapumzike. Upana wa vyumba uliamuliwa na mikoko: boriti iliyo imara haivuki sana mita 2 na nusu au 3, kwa hiyo nyumba ya tajiri wa Kilwa ilikuwa na vyumba virefu vyembamba, sawa na vile ninavyovikuta katika nyumba za kale za Bagamoyo. Wanaokarabati magofu haya siku hizi wanatumia chokaa, na wana sababu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, jiwe likaoza huku lipu ikibaki nzima. Vijana wetu wa kwaya waliniuliza kwa nini nang'ang'ania jambo hilo. Nikawaambia ni kwa sababu kila nyumba ya kale niliyoitwa kuitengeneza pwani ilikuwa inauawa na lipu ya saruji.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu, jua likiwa kali, hadi Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya ukingo wa mwamba unaotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pande nane. Mwenyewe alikuwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta hapa Kilwa mwaka 1331. Utajiri ulitokana hasa na dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe kupitia Sofala, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu imepatikana kule Zimbabwe Kuu. Mzee alitusimulia kisa alichokiandika Ibn Battuta: maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akavua akampa. Akina mama walipiga vigelegele. Kisha mzee akamalizia kisa kama kilivyo. Mtoto wa sultani alizirudisha nguo zile, akampa yule maskini watumwa 10 badala yake. Vigelegele vilikatika. Nilimshukuru mzee kwa kutotuficha, maana biashara ya watumwa iliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka.

Lakini kilichotugusa zaidi sisi kama watu wa Kanisa ni Gereza, ngome iliyo ufukweni. Kuta zinazosimama leo kwa sehemu kubwa ni za Waomani, wa miaka ya 1800 hivi. Ila Wareno ndio waliotangulia kujenga ngome hapo, mwaka 1505. Miaka mitatu kabla, mwaka 1502, Vasco da Gama alikuja na meli za mizinga, akamtisha mtawala wa Kilwa mpaka akalipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco d'Almeida na jeshi. Taarifa ya Wareno wenyewe inaeleza kuwa mapadre Wafransisko waliteremka ufukweni na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba Te Deum. Baada ya hapo askari waliupora mji.

Kwaya yetu inaimba Te Deum. Tunaiimba usiku wa mwaka mpya. Mwalimu wa kwaya aliketi kwenye jiwe akamwomba padre aeleze zaidi, na padre akaeleza habari ya dhahabu ile. Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru dhahabu ya kodi ya Kilwa ifuliwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu. Ilikamilika mwaka 1506, ikatolewa kwa monasteri ya Belém, na sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Ndani yake wamepiga magoti Mitume 12. Leo iko Lisbon, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale.

Mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Padre, watu wa hapa wanajua?" Padre hakujibu, akamgeukia mzee. Mzee alisema yeye anajua, na wageni huwaeleza wakiuliza, lakini makundi ya makanisa huuliza zaidi kuhusu idadi ya Wakristo kisiwani.

Neno hilo ndilo linalonifanya niandike. Tulikuwa tumekuja na ratiba ya mikutano ya jioni, na wapo kati yetu waliodhani tunawafikishia watu wa pwani habari za Mungu kwa mara ya kwanza. Watu hawa walisali hapa karne nyingi kabla Mkristo hajashuka, na Wakristo wa kwanza waliowaona kwa wingi walishuka na mizinga. Sisemi tusihubiri. Imani yangu naipenda na siioni haya. Nasema anayekuja Kilwa kuzungumza habari za Kristo anapaswa kuujua mwaka 1505, na ajue kuwa anayemsikiliza anaweza kuujua pia. Ningeomba parokia zitenge jioni moja ya maandalizi kwa ajili hiyo, kabla ya kugawa sare na kukusanya michango ya basi.

Jioni ile, kabla ya sala, padre alimwalika fundi mwenzangu aje kula nasi, akaja na kaka yake. Tulizungumza chokaa mpaka usiku.

Kwa kundi litakalofuata: shughulikieni kibali siku moja kabla, vukeni asubuhi, bebeni maji ya kutosha, vaeni viatu vya kufunika kwa sababu ya miba na matumbawe. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa hiyo msipande juu ya kuta kupiga picha. Chokaa ya kale hushikilia jiwe kwa uzito unaoshuka wima, na mguu wa mtu unaosukuma kwa pembeni huling'oa.