Nyota ya Biashara: Je, Mkristo Aongozwe na Unajimu?

Mto Nduruma hushuka kutoka Mlima Meru na kuyanywesha mashamba ya tambarare zilizo chini ya mlima huo. Wakazi wengi huko huishi kwa kilimo na biashara ndogo, na mazao yao huuzwa katika masoko kama Tengeru na Kilombero. Anayepanda nyanya leo hajui bei itakayokuwapo siku ya kuvuna. Kijana aliyemaliza masomo hajui kama atafute ajira, ajifunze ufundi au aanze biashara kwa mkopo wa kikundi. Katika hali hiyo ya kutojua, wapo wanaoshawishika kumwendea mnajimu ili waangaliziwe kazi inayopatana na nyota yao, au “wasafishwe nyota” inayodaiwa kufifia. Tunapenda kueleza kwa nini Kanisa linakataza jambo hili, na ni njia gani limetuwekea badala yake.

Nyota za majira na nyota za bahati

Kutazama nyota si kosa. Wazee wetu walitazama Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima, na methali yasema: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Kilimia hakimwambii mkulima kwamba atatajirika, humkumbusha kuwa majira yanageuka, ashike jembe. Elimu ya namna hiyo huchunguza kazi ya Muumba, na Kanisa linaiheshimu kiasi kwamba Vatikani ina kituo chake cha kuchunguza anga.

Unajimu ni jambo jingine. Hudai kwamba nyota huamua tabia, riziki na hatima ya mtu. Watanzania wengi waliufahamu kupitia marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulijulikana nchi nzima. Baadhi ya wanajimu hutumia tarehe ya kuzaliwa, wakimpa mtu alama ya Punda, Simba, Mizani au Ndoo. Wengine hujumlisha thamani za herufi za jina lake na za jina la mama yake, kisha hugawa kwa 12. Hivyo mtu mmoja aweza kupewa nyota mbili zilizo tofauti. Afanye biashara kwa ipi?

Tena, alama hizo zilipangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na tangu hapo mhimili wa dunia umekuwa ukigeuka polepole. Aliyezaliwa tarehe 1 Agosti huambiwa kuwa ni Simba, ilhali siku hiyo jua huwa mbele ya kundi la nyota la Kaa.

Ushuhuda wa Mtakatifu Augustino

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste aliyebatizwa mwaka 387, aliwahi kuwaamini wanajimu katika ujana wake. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza habari za rafiki yake Firmino, aliyezaliwa katika nyumba ya matajiri wakati uleule ambapo mtoto wa mtumwa alizaliwa katika nyumba nyingine. Nyota zao zilikuwa moja. Mmoja alikua katika mali na heshima. Mwingine alibaki mtumwa. Augustino alitambua kwamba utabiri ukitimia, umetimia kwa bahati tu.

Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2115–2117) inakataza kila namna ya uaguzi, ikiwemo kutafuta ushauri wa nyota, kwa sababu heshima na kicho hicho ni haki ya Mungu peke yake. Kumbukumbu la Torati 18:10-12 na Isaya 47:13-14 yanatoa onyo hilohilo. Wengine huuliza: mbona Mamajusi walifuata nyota? Nyota ile iliwapeleka kumsujudia Mtoto Yesu. Hawakuiuliza habari za faida zao.

Madhara nayo yanaonekana. Fedha za mbegu huishia kwa mnajimu. Anayeambiwa kwamba nyota yake “imechukuliwa” na jamaa wa karibu hurudi nyumbani akiwa na mshukiwa, na ukoo hugawanyika. Nchi yetu imeona mahali uaguzi unapoweza kufika: Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku shughuli za wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kwa imani potofu kwamba huleta utajiri. Si kila anayesoma nyota gazetini atafika huko. Lakini mlango ni ule wa kuamini kwamba riziki hupatikana kwa nguvu za siri.

Njia ya mwana wa Mungu

Mungu hakutuahidi kuijua kesho. Mtume Yakobo (4:13-15) anawataka wafanyabiashara waweke mipango yao chini ya mapenzi ya Bwana, na Bwana Yesu (Lk 14:28) anamsifu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Imani na hesabu haziko mbalimbali.

Basi, kabla ya kuanza kazi au biashara, tusali, kisha tuulize maswali yenye majibu: Gharama ni kiasi gani? Bei ilikuwaje msimu uliopita? Nina ujuzi gani, na nani aliyefanikiwa katika kazi hii anaweza kunielekeza? Tumwone bwana shamba, wazee wenye uzoefu, na wenzetu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo ziwe mahali ambapo aliyepata hasara husikilizwa bila kuchekwa, maana wengi humwendea mnajimu kwa kukosa mtu wa kumweleza hofu yao.

Aliyekwisha kushiriki mambo haya asikate tamaa. Aachane na hirizi au pete aliyopewa, amwendee padre katika Sakramenti ya Kitubio, na kuanza upya. Biashara yake yaweza kupata faida au hasara, kama biashara zote. Lakini ataamua kwa akili na uhuru aliopewa na Mungu, na hatamtazama tena ndugu yake kama mwizi wa nyota.