Chagua Programu Kabla ya Kununua Kifaa: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Vifaa Janja vya Nyumbani

Taa inayowashwa kwa simu, soketi inayozima pampu ya maji kwa saa iliyopangwa, kamera inayoonesha lango hata mwenye nyumba akiwa safarini: vifaa vya aina hii, vinavyojulikana kama vifaa janja, sasa vinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme na katika masoko ya mtandaoni. Mnunuzi huangalia bei, umbo na dhamana, kisha hulipa. Programu ya simu itakayokiendesha kifaa hicho huijua baadaye, anapofungua boksi na kusoma karatasi ya maelezo.

Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Programu ndiyo inayoamua kama kifaa kitafanya kazi intaneti ikikatika, nani ataona picha za nyumbani kwako, na kama kifaa kitakuwa na manufaa miaka mitano ijayo. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza mambo ya kuyapima katika programu kabla hujatoa fedha zako.

Amri yako hupita wapi?

Unapobonyeza neno la kuwasha katika simu, amri inaweza kupita njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni ndefu: amri hutoka katika simu, huenda hadi kwenye seva za mtengenezaji, ambazo mara nyingi ziko nje ya nchi, kisha hurudi kupitia ruta yako hadi kwenye taa. Hata kama wewe na taa mko chumba kimoja, amri hufunga safari hiyo yote. Njia ya pili ni fupi: simu huwasiliana na kifaa ndani ya mtandao wa nyumbani, kwa Wi-Fi au Bluetooth, au kupitia kifaa kikuu kinachokaa nyumbani na kuviongoza vingine.

Njia ndefu ina faida yake, kwa kuwa hukuwezesha kuiangalia nyumba ukiwa mkoa mwingine. Hata hivyo, hutegemea mambo matatu yawe sawa kwa wakati mmoja: intaneti yako, seva za kampuni na akaunti yako. Kifurushi kikiisha, amri haifiki. Jambo hili linazihusu hasa kaya zinazotumia intaneti ya simu ya mmoja wa wanafamilia. Mwenye simu akitoka, nyumba nzima hubaki nje ya mtandao, kamera ya ulinzi ikiwemo.

Programu inayofaa ni ile inayokupa njia zote mbili. Kuipima si kazi ngumu. Muuzaji au fundi anapokuonesha kifaa, mwombe aiache ruta ikiwaka lakini akate intaneti inayoingia humo. Simu ibaki kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, data ya laini ikiwa imezimwa. Kisha ajaribu kuwasha taa. Ikiwaka, amri inapita ndani ya nyumba. Programu ikisema kwamba kifaa hakipatikani, tambua kwamba kifaa hicho kinategemea seva ya mbali hata kwa jambo dogo.

Ratiba imehifadhiwa wapi?

Swali hilo hilo lina uzito zaidi pale kifaa kinapopangwa kujiendesha chenyewe. Ratiba inaweza kuhifadhiwa ndani ya kifaa, katika kifaa kikuu kilichopo nyumbani, au katika seva ya kampuni.

Chukua mfano wa pampu inayojaza tangi la juu. Umepanga iwake saa 11 alfajiri na kuzimika saa 12 asubuhi. Ikiwa ratiba iko katika seva, na intaneti ikakatika saa 11 na nusu, amri ya kuzima haitafika. Tangi litafurika, uniti za LUKU zitaendelea kupungua, na maji yakipungua kisimani pampu itazunguka ikiwa kavu hadi kuungua. Chagua programu inayohifadhi ratiba ndani ya kifaa na inayokuruhusu kuweka ukomo wa muda, yaani kifaa kijizime chenyewe baada ya dakika ulizopanga. Pamoja na hayo, usiiache pampu mikononi mwa programu peke yake. Swichi ya boya ndani ya tangi iendelee kuwapo.

Angalia pia programu inasemaje kuhusu umeme unaorudi baada ya kukatika. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua kati ya hali tatu: kifaa kibaki kimezimwa, kiwake, au kirudi katika hali kiliyokuwa nayo. Kwa soketi ya pasi au jiko, chagua kibaki kimezimwa. Kwa taa ya ulinzi, hali ya awali inafaa zaidi. Programu isiyotoa uchaguzi huo haifai kwa vifaa vinavyotoa joto.

Zingatia namna programu inavyohesabu saa. Programu hizi huanza kuhesabu usiku wa manane, hivyo saa 11 alfajiri huandikwa 05:00 na saa 12 jioni huandikwa 18:00. Hakikisha pia kwamba umechagua majira ya Afrika Mashariki, vinginevyo taa ya nje inaweza kuwaka mchana na kuzimika giza linapoingia.

Kampuni ikifunga seva

Mtumiaji anaweza kudhani kwamba kifaa alichokilipia ni chake hadi kitakapoharibika. Mifano kutoka Marekani inaonesha kwamba si lazima iwe hivyo. Revolv kilikuwa kifaa kikuu cha kuendesha taa na vifaa vingine vya nyumbani, kilichouzwa kwa dola 299. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na mwezi Mei 2016 huduma ikafungwa. Vifaa vilikuwa vizima, lakini havikuwa tena na programu ya kuviendesha. Mwezi Aprili 2022, seva za Insteon zilizimwa bila wateja kupewa taarifa. Zilirudishwa baadaye, baada ya kundi la wateja kuinunua biashara hiyo. Mwezi Julai 2025, Belkin ilitangaza kwamba huduma za seva na programu kwa vifaa vyake vingi vya Wemo zingekoma tarehe 31 Januari 2026.

Kampuni hizo zilikuwa na majina yanayofahamika. Kifaa cha jina lisilojulikana, kinachoendeshwa na programu isiyo na anwani ya mtengenezaji, kina hatari kubwa zaidi. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa programu katika duka la programu la simu yako na utazame tarehe ya sasisho la mwisho. Programu ambayo haijaguswa kwa miaka miwili ni dalili kwamba mwenyewe amekwisha kuiacha.

Muulize pia muuzaji kipindi ambacho mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho ya usalama. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji akitaje kipindi hicho. Kwa hiyo, ikiwa kifaa hicho kinauzwa pia Uingereza, taarifa hiyo inapaswa kupatikana, nawe unaweza kuitafuta katika tovuti ya mtengenezaji.

Vifaa vinavyoelewana

Mnunuzi anayenunua taa kwa mtengenezaji mmoja, soketi kwa mwingine na kamera kwa wa tatu hujikuta na programu tatu, akaunti tatu na nywila tatu. Ili kupunguza usumbufu huo, watengenezaji wakubwa, wakiwemo Apple, Google, Amazon na Samsung, walishiriki kuandaa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwezi Oktoba 2022. Kifaa chenye alama ya Matter kinaweza kuongozwa na programu za kampuni tofauti, na amri zake za msingi hupita ndani ya mtandao wa nyumbani. Utahitaji kifaa kikuu kinachokubali kiwango hicho, na si kila kipengele cha kifaa hupatikana nje ya programu ya mtengenezaji wake. Hata hivyo, mtengenezaji mmoja akijitoa sokoni, hulazimiki kutupa kila ulichonunua.

Kwa mwenye ujuzi wa kompyuta ipo pia Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013. Husimikwa katika kompyuta ndogo inayokaa nyumbani, na huviunganisha vifaa vya watengenezaji wengi. Haina ada ya lazima, lakini hudai muda wa kujifunza na mtu wa kuitunza. Usisimikiwe na fundi ikiwa hakuna mtu nyumbani atakayeielewa baada ya fundi kuondoka.

Akaunti ni ya nani?

Katika programu hizi, mwenye akaunti ndiye mwenye funguo. Fundi anapofunga kamera, na kwa kuharakisha kazi akaisajili kwa namba au barua pepe yake, yeye ndiye anayetambuliwa na programu kuwa mmiliki. Anaweza kuona picha za sebule yako akiwa kwake, na anaweza kukuondoa katika orodha ya watumiaji. Huenda asiwe na nia mbaya. Lakini simu yake ikiibwa, picha zako zimekwenda nayo.

Kwa hiyo, fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe yako, kabla fundi hajaanza kazi. Usitumie nywila unayoitumia kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Chagua programu inayokuruhusu kuwaalika wanafamilia kama watumiaji wa ziada, kila mmoja kwa akaunti yake na kwa mipaka unayoiweka, badala ya nyote kutumia nywila moja. Msaidizi wa nyumbani akiacha kazi, au mpangaji akihama, utamwondoa yeye peke yake. Ukihamia nyumba yenye vifaa vilivyokwisha kufungwa, dai virudishwe katika hali ya kiwandani mbele yako, kisha uvisajili upya.

Ruhusa na taarifa zako

Programu inapoanza kutumika huomba ruhusa. Baadhi zina sababu: katika simu nyingi, programu haiwezi kutafuta vifaa vilivyo jirani bila ruhusa ya mahali ulipo au ya Bluetooth. Nyingine hazina sababu. Programu ya taa haihitaji orodha ya majina yaliyomo katika simu yako wala ujumbe wako mfupi. Ikikataa kufanya kazi bila ruhusa hizo, tafuta nyingine.

Kwa kamera, uliza picha zinahifadhiwa wapi. Kamera inayohifadhi picha katika kadi iliyo ndani yake hukuachia udhibiti mkubwa kuliko ile inayotuma kila kitu katika seva, na hukuepusha na ada ya kila mwezi. Mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliituhumu kampuni ya Ring kwa kuwaachia wafanyakazi na wakandarasi wake kuona video za faragha za wateja. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Hatari nyingine ni nywila ya kiwandani. Mwaka 2016, kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na vifaa vingine vingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa na watengenezaji, ambazo wenye vifaa hawakuzibadili. Programu isiyokulazimisha kubadili nywila ya kwanza imekuachia kazi hiyo. Ifanye siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujibiwa kabla ya kulipa

1. Je, kifaa huwaka na kuzimika kwa programu intaneti ikiwa imekatwa?
2. Je, kina kitufe cha mkono kinachofanya kazi bila simu?
3. Je, ratiba huhifadhiwa ndani ya kifaa, na umeme ukirudi kitakuwa katika hali gani?
4. Je, programu ilisasishwa lini, na mtengenezaji ameahidi masasisho hadi lini?
5. Je, kinaendeshwa na programu zaidi ya moja?
6. Je, ipo ada ya mwezi, na ni huduma gani zitakoma usipolipa?
7. Je, kimetengenezwa kwa umeme wa volti 230, na mzigo utakaouunganisha hauzidi uwezo wake? Soketi ya ampea 10 haipaswi kubeba zaidi ya wati 2,300. Hita ya maji ya kuogea huweza kuzidi mara mbili ya kiwango hicho.

Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza kwa kukuonesha, bali kwa maneno tu, hajakupa jibu.

Tatizo likitokea

Tunza risiti, boksi na picha ya tangazo lililoeleza uwezo wa kifaa. Kifaa kisipofanya yaliyoahidiwa, wasilisha malalamiko kwa muuzaji kwa maandishi, ukitaja tarehe ya ununuzi na kasoro uliyoiona. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu bidhaa yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani. Kuhusu taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Anayekiuka haki hizo analalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Unapouza au kutoa kifaa, kifute kwanza katika akaunti yako na ukirudishe katika hali ya kiwandani. Kuiondoa programu katika simu hakutoshi, kwa kuwa kifaa kitaendelea kusajiliwa kwa jina lako, na anayekipokea hataweza kukitumia.